Samoni wa kwanza, Seattle

SWALI: Nimehamia Seattle kutoka Tanga. Kuvua kwa mshipi nimekuzoea tangu utoto, lakini samoni sijawahi kumvua. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia ufukweni, ndugu yangu, boti na mito viache kwanza. Katika ghuba ya Puget Sound, samoni wa waridi huja kwa wingi miaka ya witiri, kama 2025 na 2027, hasa Agosti na mapema Septemba. Ana uzito wa kilo 2 hivi na hupita karibu na nchi kavu. Nenda Lincoln Park alfajiri, ukiwa na chambo bandia cha rangi ya waridi. Kirushe mbali, kiache kizame kidogo, kivute, kisha kilegeze tena. Mara nyingi samaki hudaka kinapozama, kwa hiyo mshipi usilegee mno. Kusoma maji kujaa na kupwa unakujua tayari, na huo ni mtaji mkubwa.

Kabla ya yote, kata leseni, chukua kadi ya kurekodi samoni, na usome kanuni za eneo hilo asubuhi ileile, maana hubadilika ghafla. Ndoana ziwe hazina kijino.

Ukinasa samoni aina ya chinook, mtazame mgongoni karibu na mkia. Pezi dogo likiwa limekatwa na kovu limepona, huyo kazalishwa katika kituo cha kufugia samaki. Likiwepo, mchukulie kuwa wa asili, na hao wamepungua sana: mfungue akiwa majini, usimburute mchangani.