Siasa kwenye Grupu la WhatsApp: Maswali Yanayoulizwa Sana Kenya

Grupu letu ni la familia. Si siri yetu?

WhatsApp huufunga ujumbe njiani asiyehusika asiusome, lakini haimzuii mpwa wako. Skrinshoti moja ikitoka, utasomwa na watu wasiojua kwamba mlikuwa mnataniana.

Mzaha kuhusu kabila la mgombea ni kosa?

Unaweza kuwa. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kusema, ila si uchochezi wa ghasia wala maneno ya chuki. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hakiishii kwenye nia yako: maneno ya vitisho au matusi ni kosa pia iwapo, kwa kutazama mazingira yote, yanaelekea kuzusha chuki ya kikabila. Faini haizidi shilingi milioni 1, kifungo hakizidi miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo maana mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ililiweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya kuchungwa. Ni neno la kawaida kabisa, lakini likitamkwa kwenye kampeni Bonde la Ufa, kila msikilizaji anajua nani anaambiwa afungashe virago. Kumsema mgombea kwa rekodi yake, hata kwa ukali, si kosa hilo.

Mimi ni admin tu. Ya wengine yananihusu?

Yanakuhusu. Mwongozo wa Julai 2017 wa Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC ulimtwika msimamizi jukumu la kudhibiti mazungumzo. Unaweza kufuta ujumbe wa mwanachama, au kulifunga grupu waandike maadmin pekee. Usiku wa kuhesabu kura, lifunge. Watalalamika, na waache walalamike.

Nimetumiwa picha ya Fomu 34A. Niisambaze?

Fomu hiyo ni matokeo ya kituo kimoja, na mwaka 2022 vituo vilizidi 46,000. Picha moja haisemi nani anaongoza nchini. Katika uchaguzi huo tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka fomu zenyewe kwenye tovuti yake, kwa hiyo mwananchi wa kawaida aliweza kutafuta kituo na kulinganisha tarakimu. Anza hapo. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshapita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa gumzo moja tu kwa mkupuo.

Aliyetuma matokeo ya uongo ni mjomba. Nimjibu hapo hapo?

Mwandikie pembeni. Mtu mzima akisahihishwa mbele ya wapwa zake atautetea hata uongo ambao hakuusoma mpaka mwisho. Mtumie fomu halisi aone mwenyewe, tena mapema: ana kama siku mbili za kuufuta ujumbe kwa wote, na muda huo ukipita utabaki kwenye simu za watu.