Mkubwa wa kazi aweza kukupandisha presha

Jumatatu moja aliingia katika kliniki yangu hapa Mukurweini mwanamume wa umri wa miaka 41, karani katika kampuni moja ya kibinafsi. Alilalamika kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Nilipompima, presha yake ilikuwa 168 kwa 104. Dawa alikuwa akizimeza kama alivyoagizwa, na chumvi alikuwa amepunguza.

Nilipomwuliza kuhusu kazi yake alinyamaza kwa muda. Kisha akaeleza kuwa tangu aje meneja mpya, yeye hukemewa mbele ya wateja na hajui jioni atatoka saa ngapi. Mara mbili aliomba ruhusa ya kuja kliniki akanyimwa.

Je, mkubwa wa kazi anaweza kumfanya mtu mgonjwa? Naam, anaweza.

Mwili hufanya nini?

Mtu anapotishwa, mwili hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga mbio, presha hupanda na sukari huongezeka katika damu. Hali hii hukufaa ukikutana na ndovu msituni. Ndovu akienda zake, mwili hutulia. Lakini mkubwa mkali haendi zake. Yuko pale Jumatatu hadi Jumamosi. Mwili ukikosa nafasi ya kutulia, usingizi hupotea na presha huwa ngumu kudhibiti. Wengine hukimbilia pombe na sigara. Kamba hukatikia pabovu: huyu huugua moyo, yule hupoteza furaha ya maisha.

Watu wengi hudhani kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wakurugenzi wenye majukumu mengi. Sivyo. Kuanzia mwaka wa 1985, Profesa Michael Marmot na wenzake walifuatilia afya ya watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 mjini London. Waligundua kuwa wasio na usemi juu ya kazi yao ndio waliopatwa zaidi na ugonjwa wa moyo.

Saa nyingi pia hudhuru. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Ufanye nini?

Kwanza, pima presha, na usiache dawa hata ukijihisi nafuu. Usimeze dawa za maumivu kila siku, kwani baadhi yake huumiza tumbo na kupandisha presha.

Pili, jua haki zako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila baada ya mwaka wa utumishi. Ukiugua, leta barua ya daktari.

Tatu, usinyamaze. Mweleze mtu unayemwamini. Ukianza kuwaza juu ya kifo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe uliye mkubwa, mkosoe mfanyakazi faraghani. Mweleze mapema atatoka saa ngapi. Mwachie nafasi ya kuamua namna ya kutimiza kazi yake, na usimnyime ruhusa ya kwenda kliniki. Hayo hayana gharama.

Mgonjwa wangu nilimwandikia barua, akapewa likizo. Sikumbadilishia dawa. Baada ya wiki tatu presha ilikuwa 142 kwa 88. Aliporudi alihamishiwa idara nyingine. Bado anameza dawa zake, lakini sasa analala usiku kucha.