Kuambua Ngozi ya Uso kwa Asidi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kukubali

Ni tiba gani?
Mtaalamu hupaka usoni asidi iliyopimwa, nayo huambua tabaka la juu ili ngozi mpya ijitokeze. Hupunguza makovu mepesi ya chunusi, mabaka na mikunjo midogo. Tiba hii si mkorogo, wala haikusudiwi kubadili rangi ya mtu.

Kwa nini wenye ngozi nyeusi wajihadhari zaidi?
Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde ikiungua huweza kubaki na madoa meusi au meupe, na mengine hayaondoki. Kadiri asidi inavyopenya ndani, ndivyo hatari inavyozidi.

Kabla ya tiba
Mteja amweleze mtaalamu iwapo ana mimba, anatumia dawa za chunusi, au amewahi kupaka krimu za kujichubua. Asione haya kulisema hilo: baadhi ya krimu hizo zina steroidi, ambayo huifanya ngozi iwe nyembamba na iungue upesi. Aombe pia asidi ijaribiwe kwanza mahali padogo.

Baada ya tiba
Ngozi inayobanduka isivutwe. Uso ukingwe na jua, na upakwe krimu ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi.

Hatari ya kujitibu nyumbani
Asidi kali zinazouzwa mtandaoni zisitumike. Uso ukiungua, uoshwe papo hapo kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na simu ipigwe 999 nchini Uingereza.