KUSIKILIZA QUR'AN KWA KOMPYUTA: TUZIPIME SPIKA ZETU



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, siku hizi nyumba nyingi za Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi zina kompyuta, au simu iliyounganishwa na sabufa, na kijana akitoka madrasa jioni hurudia somo lake kwa kumsikiliza msomaji aliyerekodiwa. Ni jambo jema. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'an nzima kwa tartili mwaka 1961, na leo sauti yake inaingia katika chumba chochote chenye umeme. Lakini kati ya koo la Sheikh na sikio la mwanafunzi kuna vitu vitatu ambavyo havikusoma tajwid: faili, spika na chumba. Katika somo hili tutaeleza namna ya kuvipima na kuvirekebisha nyumbani kwa hesabu zinazofanywa na kompyuta yenyewe.

Tuanze na sababu. Neno ism, lenye sin, maana yake ni jina. Neno ithm, lenye thaa, maana yake ni dhambi. Tofauti ya herufi hizi mbili ni upepo mwembamba unaopita penye meno, na nguvu ya upepo huo iko juu sana, kuanzia kama mitetemo 4,000 kwa sekunde na kupanda. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja, na sikio zima la kijana husikia toka hezi 20 hadi hezi 20,000. Simu za waya za zamani zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu, ndiyo maana mtu akitutajia jina geni kwa simu tulilazimika kumwuliza kama amesema "sa" au "fa". Spika isiyofika juu hufanya vivyo hivyo. Sasa, sisi watu wa bara wengi wetu thelathini tunaiita selasini. Mtoto wa namna hiyo akisikilizishwa thaa kwa spika inayoimeza thaa, atasikia sin yake ya nyumbani na ataridhika nayo. Mwalimu atakuja kuing'oa baada ya miezi, kwa taabu.

Saad ina habari yake. Sayf kwa sin ni upanga, na kwa saad ni kiangazi. Uzito wa saad hauko sana kwenye ule upepo, uko zaidi kwenye irabu inayoufuata, kati ya hezi 1,000 na 2,000 hivi, mahali ambapo hata spika dhaifu hufika. Kwa hiyo spika hiyohiyo inaweza kukufundisha saad vizuri na kukupoteza katika thaa. Ghunna nayo iko chini, nguvu yake kubwa ni karibu na hezi 250. Huko chini ndiko sabufa iliyosukumwa kwenye kona ya chumba huvimbisha sauti, na mwanafunzi akadhani ghunna ni mngurumo.

Elimu ya mahali zinapotoka herufi si ngeni kwetu. Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 2 Hijria, alipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kuanza na herufi za kooni na kuishia za midomoni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala nzima kuhusu sababu za kutokea kwa herufi. Vyombo vyao vilikuwa masikio na ulimi.

Kompyuta inafanya nini

Sauti iliyorekodiwa kwa njia ya dijitali ni safu ya namba. Katika santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ina namba 44,100 kwa kila upande, na kila namba iko kati ya -32,768 na 32,767. Kurekebisha sauti ni kuzifanyia namba hizo hesabu kabla hazijafika kwenye spika. Kichujio kimoja cha kawaida huchukua namba iliyofika sasa, mbili zilizotangulia, na majibu yake yenyewe mawili ya nyuma. Kila moja hulizidisha kwa namba maalumu, kisha hujumlisha. Basi, ni hivyo tu. Kuzidisha mara tano kwa kila namba, mara 44,100 kwa sekunde, kazi ambayo hata kompyuta kuukuu huifanya bila kuhema. Tukizibadilisha zile namba tano maalumu, tunapunguza au kuongeza sehemu moja ya sauti na kuziacha nyingine karibu kama zilivyokuwa.

Kupima nako ni hesabu. Mfaransa Joseph Fourier, ambaye mwaka 1798 alikwenda Misri pamoja na jeshi la Napoleon, ndiye aliyetuachia njia ya kuichambua sauti iliyochanganyika hadi kupata mitetemo sahili iliyoijenga. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato ya hesabu hiyo, na kwa njia hiyo kompyuta ya nyumbani huimaliza kwa kufumba na kufumbua. Neno lenyewe wanaloliita wataalamu, algorithimu, limetokana na jina la al-Khwarizmi.

Chumba kwanza, kompyuta baadaye

Vijana wetu hupenda kukimbilia programu. Tunawausia wasifanye hivyo. Toa sabufa kwenye kona. Weka spika mbili usawa wa masikio ya anayesikiliza, pembetatu ya pande sawa, kama mita moja kila upande, zikimwelekea. Kisha simama katikati ya chumba upige kofi moja. Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji na mabati yasiyo na dari. Ukisikia kofi linajibu "trrr", hicho ni chumba kinachosoma pamoja na msomaji. Mwangwi huo umo hewani, umeshatoka kwenye spika, na hakuna hesabu ya ndani ya kompyuta itakayourudisha. Dawa yake ni pazia zito, zulia, godoro lililosimamishwa ukutani nyuma ya msikilizaji. Mkeka mwembamba husaidia kidogo tu.

Kisha uzime vikolezo vyote: ile besi ya ziada, "ukumbi", na vitufe vya sabufa virudi katikati.

Sasa pima. Programu ya Room EQ Wizard hutolewa bure na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Hutoa mlio unaopanda taratibu toka chini hadi juu, huusikiliza kwa maikrofoni, kisha hulinganisha kilichotumwa na kilichofika na kukuchorea mstari. Maikrofoni iweke pale linapokaa sikio. Pima mahali kadhaa, ukiisogeza kiganja kimoja kila mara, kisha chukua wastani, maana kichwa cha mtu hakikai kama msumari. Usipime mvua ikipiga mabati wala boti zikinguruma ufukweni. Maikrofoni ya kupimia huuzwa pamoja na faili la marekebisho yake. Ya simu au ya kompyuta ndogo yaweza kutumika kwa sehemu ya kati, lakini zima kwanza kinachopunguza kelele ndani yake, na usiamini inachokuambia kuhusu besi. Sauti iwe kiasi kilekile unachosikilizia kila siku, kwani tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kuwa sauti ikishushwa, sikio hupoteza zaidi besi.

Mstari utakaouona utakuwa na vilima na mashimo. Katika Windows kuna programu nyingine ya bure, Equalizer APO, inayopokea vichujio vilivyokokotolewa na ile ya kwanza. Kila kichujio kina mambo matatu: mahali kwa hezi, kiasi kwa desibeli, na upana. Tuseme kuna kilima cha desibeli 6 kwenye hezi 120: weka kichujio hapo, toa desibeli 6, upana ulingane na kilima. Msomaji ataacha kuguna mara moja, na maneno yatasikika wazi bila kuongeza chochote.

Vilima tunavikata. Mashimo je? Hapa ndipo wengi huharibu spika. Kuongeza desibeli 10 ni kudai nguvu mara 10. Spika ya wati 3 utaitaka itoe wati 30, nayo haina. Tena mashimo mengine hayajaziki kabisa. Spika ikiwa sentimita 70 kutoka ukutani, sauti inayorudi ukutani hukutana na inayotoka ikiwa imechelewa nusu ya wimbi, na zote mbili huuana. Katika joto la nyuzi 25, kama la hapa kwetu, sauti hukimbia kama mita 346 kwa sekunde. Gawa kwa mara nne ya 0.7, unapata karibu hezi 124. Ukiongeza nguvu mahali hapo, ile ya ukutani nayo huongezeka, na huuana vilevile. Sogeza spika, shimo litahama.

Pakiwa na upungufu mdogo juu, mathalani desibeli 3 kuanzia hezi 5,000, unaweza kuongeza, ndipo thaa itakapojitokeza. Lakini shusha sauti ya jumla kwa desibeli 3 hizohizo. Namba zikipita 32,767 kompyuta huzikata kichwa, na mkato huo husikika kama mkwaruzo kwenye kila neno lenye nguvu.

Faili nalo litazamwe. Faili lililobanwa mno ili liingie katika simu ndogo limeshatupa sauti za juu, na kisichomo hakiongezeki. Rekodi za zamani zina kikomo chao pia, na ukiongeza juu utaongeza tu mvumo wa utepe. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, sisi tungemshauri anunue vipokea sauti vya kichwani vilivyo vizuri kuliko sabufa kubwa, kwani havina kona wala mabati. Ila familia inayosikiliza pamoja baada ya Isha inahitaji spika, na kwao kazi hii ya jioni moja ina faida.

Kuhakiki kwa mwisho si kwa mstari wa kwenye kioo. Mlete mtu aliyepokea kisomo kwa mwalimu, kinywa kwa kinywa, asikilize akiwa amefumba macho na aseme ni herufi gani amesikia. Akikosea thaa, rudi kwenye vichujio.

Zoezi
1. Spika iko sentimita 50 kutoka ukutani. Shimo litakuwa kwenye hezi ngapi?
2. Umekata desibeli 5 kwenye hezi 100 na kuongeza desibeli 4 kwenye hezi 6,000. Utashusha sauti ya jumla kwa kiasi gani, na kwa nini si 1?
3. Mwombe mwenzako arekodi maneno ism na ithm mara 20 bila mpangilio. Sikiliza kabla na baada ya kurekebisha spika, uandike umepata mangapi. Daftari liletwe darasani.