Usonji Unaongezeka: Tunatafuta Sababu au Mkosaji?

Katika utume wa Jumapili, mama mmoja wa jumuiya alituuliza: "Frateri, mwanangu alikuwa ameanza kusema. Akachomwa chanjo ya surua, maneno yakapotea. Huyu mdogo wake nimpeleke kliniki au nimwache?" Siku ile tulijibu kwa kubabaika. Tuliporudi seminarini, tulilirudia swali lake tukiwa na daftari la Mantiki.

Takwimu zinazotajwa sana ni za Marekani. Mwaka 2000, katika maeneo yaliyochunguzwa, mtoto 1 kati ya 150 wenye miaka 8 alitambuliwa kuwa na usonji. Mwaka 2022, 1 kati ya 31. Lakini tutofautishe: kuongezeka kwa watoto wenye hali hiyo ni jambo moja, kuongezeka kwa wanaotambuliwa ni jambo lingine. Leo Kanner alipoieleza mwaka 1943 alizungumzia watoto 11 tu. Baadaye maana yake ilipanuliwa, hasa mwaka 1994. Anayetupa wavu wenye matundu madogo hupata samaki wengi zaidi, na ziwa ni lile lile. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takribani asilimia 60 ya ongezeko la huko lilitokana na mabadiliko ya vigezo na ya namna ya kuandikisha. Si lote, basi. Umri mkubwa wa wazazi na kuokolewa kwa watoto njiti ni kati ya mambo yanayojadiliwa kuhusu sehemu iliyobaki.

Na chanjo? Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha London makala kuhusu watoto 12. Mwaka 2010 jarida liliifuta, naye akafutwa katika orodha ya madaktari.

Hata hivyo mama yule hakusema uongo. Aliona alichokiona. Kwetu chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na 18, na dalili za usonji mara nyingi huonekana wazi katika mwaka wa pili. Mambo mawili yanakutana njiani, tunadhani moja limemzaa mwenzake. Wahenga walilijua kosa hili: jogoo awike asiwike, kutakucha. Tuangalie neno "asiwike", maana humo ndimo kipimo kilimo. Denmark walikifanya: mwaka 2019 walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 650,000, na usonji haukuwa mwingi zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa.

Katikati ya karne iliyopita wapo wataalamu waliosema usonji unaletwa na ubaridi wa mama. Wanawake wengi walibeba lawama hiyo bure. Wanafunzi katika Yohana 9 nao walianza kwa kuuliza nani ametenda dhambi, na Yesu akalikataa swali lenyewe.

Jumapili iliyofuata tulimrudia mama. "Basi ni mimi?" akauliza. Tukamwambia: hapana, mama, urithi wa mwili una sehemu kubwa, na hakuna aliyeuchagua. Mdogo alikuwa na miezi 10, bado hajachanjwa. Akatuuliza kama Jumanne kliniki hufunguliwa mapema.