Mwanasaikolojia wa kwenye simu ataweza kunibadilisha tabia?

SWALI: Nina miaka 28, naishi Kahama. Hasira zangu zimenivunjia uchumba mara mbili. Mwenzangu akichelewa kujibu meseji naona ameshaniacha; natukana, kisha nalia na kuomba radhi usiku kucha. Dada yangu amenipatia mwanasaikolojia wa Dar es Salaam, tutaongea kwa video. Tabia inabadilika kweli kwa simu, au nisubiri nipate nauli nimfuate?

JIBU: Mwanangu, usisubiri nauli.

Tumezoea kusema tabia haina dawa, na msemo huo umewakatisha tamaa wengi waliokuwa tayari kutibiwa. Mwaka 2017 Brent Roberts wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wenzake walichambua tafiti 207 na kukuta kwamba tiba hubadilisha tabia za watu wazima, kwa wastani wa wiki 24. Kilichobadilika zaidi ni hicho kinachokutesa: wasiwasi, kuumia upesi, moyo kuchafuka kwa jambo dogo.

Kuhusu simu, mwaka 2018 Per Carlbring wa Sweden na wenzake walipitia tafiti 20 zilizolinganisha tiba ya intaneti, hasa masomo ya kujisomea kwa usaidizi wa mtaalamu, na ya ana kwa ana, matokeo yakakaribiana. Lakini nyingi zilihusu sonona na hofu, wala hazikugusa tabia iliyoota mizizi tangu utotoni. Ndiyo maana nakushauri uzungumze na huyo mwanasaikolojia kila wiki, tena kwa miezi, badala ya masomo ya kujisomea kwenye programu ya simu.

Sikupi jina la ugonjwa kwa barua. Hiyo ni kazi ya atakayekusikiliza. Ila ujue kuna tiba iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle, Marekani, kwa ajili ya watu wenye hisia kali zinazowashinda, wakiwemo wanaoogopa sana kuachwa. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Katika tiba yake kuna kikao cha kila wiki na mafunzo ya kikundi, na tangu mwanzo mgonjwa huruhusiwa kumpigia mtaalamu simu katikati ya wiki. Alijua hasira haifuati ratiba ya kliniki. Inakuja saa nne usiku, meseji ina tiki mbili za bluu na jibu hakuna. Mtaalamu akikufundisha kuweka simu chini na kunawa uso kwa maji baridi usiku huohuo, unajifunza palepale unapoumia.

Video ina upungufu wake pia. Mtaalamu haoni mguu wako unavyotikisika chini ya meza. Kubwa kwako ni mtandao: ukikatika katikati ya jambo zito, mtu anayeogopa kuachwa huhisi ameachwa tena. Kubalianeni mapema nani atampigia nani, na baada ya dakika ngapi. Kama bando likiisha, mmalizie kwa simu ya kawaida.

Halafu kuna faragha. Kwenye nyumba nyingi za kupanga, kuta haziishii juu kabisa, na jirani anasikia hata ukinong'ona. Visikilizaji vya masikioni vinaficha sauti ya mtaalamu tu, yako haifichiki. Mtu anayechuja maneno kwa kuogopa majirani hatibiki. Omba chumba kwa rafiki, au ofisi baada ya saa za kazi.

Muulize huyo mtaalamu amesomea wapi na anasimamiwa na nani. Wapo wanaojiita washauri kwenye makundi ya WhatsApp bila mafunzo yoyote.

Kama unajikata, unawaza kufa, au unapigwa nyumbani, video haitoshi. Nenda leo hospitali iliyo karibu, usiende peke yako. Bila hayo pia, siku ukipata nafasi uliza huduma ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Vikao vichache vya ana kwa ana vitaisaidia tiba ya simu.

Mwambie dada yako akupangie kikao cha kwanza wiki hii. Ukikosa kimoja kwa sababu ya mtandao, panga kingine siku hiyohiyo, wala usiache kabla ya miezi mitatu.