Dalali Huyu ni wa Nani?

*Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba Kivule, Dar es Salaam. Tumejiwekea akiba kwa miaka mingi, na kaka yangu anayeishi Houston, Marekani, ametuchangia. Dalali aliyetupeleka ni kijana mstaarabu, anatuita baba na mama, na kila mara hutuambia, "Mimi niko upande wenu." Bei aliyotutajia ni milioni 95, na juu yake anataka asilimia 5 kutoka kwetu. Ametuomba tusizungumze habari za bei na mwenye nyumba, eti mzee huyo ni mtu wa kubadilika-badilika. Wiki iliyopita binti wa mzee aliniambia pembeni kwamba baba yake anauza milioni 80. Mume wangu anasema tumruke dalali, twende wenyewe kwa mzee. Mimi naogopa dhuluma, maana bila yule kijana nyumba tusingeijua. Kaka naye anashangaa kwa nini hatuna wakala wetu kama ilivyo huko aliko. Juzi dalali amesema kuna mteja mwingine, hivyo tumpe milioni 3 za kushikia nyumba, na kwamba wakili hatumhitaji, mwenyekiti wa mtaa atatuandikia. Tufanye nini?*

*Mama Wawili, Ukonga*

Nianze na la haraka, mwanangu. Hizo milioni 3 msizitoe, hata akiwaambia mteja mwingine amesimama getini na fedha mkononi. Nyumba ikienda, itapatikana nyingine. Fedha mkimpa mtu asiye mwenye nyumba, bila mkataba, mtakuja kuzidai kwa nani?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kaka yako ameligusa: huyu dalali ni wa nani?

Tazama alivyoipata kazi hii. Bila shaka mzee alimwambia, "Nitafutie mteja." Kwa hiyo siku ile, kabla hajawafahamu nyinyi, alikuwa tayari ametumwa, na aliyetumwa na muuzaji kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei nzuri. Kisha mkaja nyinyi, akawaambia yuko upande wenu na akataka mumlipe. Sasa amebeba ahadi mbili zinazovutana: kwa mzee bei ipande, kwenu ishuke. Mtu mwaminifu kabisa angepata tabu kuzitimiza zote mbili. Na kijana huyu, kwa maelezo yako, ameongeza upande wa tatu, ambao ni wake mwenyewe.

Ile milioni 15 iliyo kati ya 80 na 95 ndiyo inayoitwa cha juu. Wapo madalali wanaoiona kuwa haki yao: mwenye mali kataja anachotaka, kinachozidi ni jasho la aliyetembea. Na wapo wenye nyumba wanaosema kwa vinywa vyao, "Mimi nipe 80 yangu, huko juu utajua mwenyewe." Mzee akiwa amesema hivyo akijua anachokisema, basi hayo ni makubaliano yake na mtu wake, nanyi mna hiari ya kununua au kuacha. Kinachonitia hasira ni cha juu cha kificho, na ninaogopa kwamba ndicho mnachofanyiwa. Kama hakuna la kuficha, kwa nini mkatazwe kumtajia mzee bei?

Pigeni hesabu pamoja nami. Cha juu ni milioni 15. Asilimia 5 anayoitaka kwenu juu ya milioni 95 ni milioni 4.75. Kama mzee naye amemwahidi asilimia 5 ya milioni 80, hiyo ni milioni 4 nyingine. Jumla ni milioni 23.75, karibu robo ya fedha zote mtakazotoa, na mzee ataondoka na milioni 76 akiamini kwamba hiyo ndiyo thamani ya nyumba yake. Hiyo robo ni akiba yenu na jasho la kaka yako.

Sheria haiko kimya juu ya hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayomhusu wakala na yule aliyemtuma. Wakala akijifanyia biashara yake mwenyewe ndani ya kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Na wakala aliyefanya hila katika kazi yake anaweza kuukosa hata ujira. Kwa hiyo mtu wa kwanza mwenye madai juu ya cha juu cha kificho ni mzee mwenyewe. Madalali wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, na wenye nyumba ndio kabisa.

Kwenu nyinyi hatari kubwa imejificha mahali ambapo wanunuzi wengi hawapatazami: bei itakayoandikwa kwenye mkataba. Dalali mwenye cha juu hana budi kutengeneza bei mbili. Mzee atasaini karatasi ya milioni 80, nanyi mtakuwa mmetoa 95. Siku nyumba ikiingia kwenye mgogoro, tuseme ametokea mrithi ambaye hakushirikishwa, mtakwenda kudai fedha yenu mkiwa na mkataba wa 80. Zile 15 nyingine hazina karatasi. Na kama atafaulu kuandika 95, mzee ataonekana mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) amepokea fedha ambayo hakuiona, ilhali kodi ya ongezeko la mtaji kwa muuzaji mkazi kwa kawaida hukokotolewa kwa asilimia 10 ya faida aliyopata. Mzee akiligundua hilo katikati ya safari atagoma, na ana haki ya kugoma. Kodi hiyo isipomalizwa, Msajili wa Hati hatahamisha umiliki kuja kwenu. Mtakuwa mnaishi katika nyumba ambayo kwenye daftari bado ni ya mtu mwingine.

Mwambieni kaka kwamba anachokisema ni kweli. Marekani kwa kawaida muuzaji huwa na wakala wake, na mnunuzi naye huwa na wa kwake. Tangu Agosti 2024, kufuatia usuluhishi wa kesi dhidi ya chama kikubwa cha mawakala wa nyumba nchini humo, mnunuzi anayefanya kazi na wakala wa chama hicho husaini naye makubaliano ya maandishi kabla ya kuonyeshwa nyumba, na malipo ya wakala huyo hutajwa humo. Majimbo kama Florida na Colorado yamekwenda mbele zaidi na kukataza wakala mmoja kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja katika mauzo yaleyale. Hata jirani zetu Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 na bodi ya kuwasajili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Kwetu madalali wa nyumba wamefanya kazi kwa miaka mingi bila sheria yao mahususi. Anayekuonyesha nyumba leo yawezekana jana alikuwa akiuza simu, na hakuna bodi ya kumwita akikukosea. Ndiyo maana ulinzi wenu lazima muujenge wenyewe.

Lakini kumruka, hapana. Katika hili niko nawe, si na mume wako. Kijana ametembea, amepanda bodaboda kwa nauli yake, ameijua nyumba ambayo haina bango wala tangazo. Kupitia mgongoni kwake ni kumla jasho, na anaweza kumdai mzee ujira wake hata kama nyinyi mmekwenda kimyakimya, kwa kuwa mteja aliletwa naye. Isitoshe, mtaanza maisha mapya mtaani na uadui na mtu anayejua kila mlango.

Mpigieni simu mumwambie kwa upole kwamba mko tayari kuendelea, ila mnataka kikao cha watu wote: mzee, mke wake kama yupo, yeye dalali, na nyinyi wawili. Mkishakaa, mume wako aulize kwa heshima, "Mzee, nyumba yako unaiuza shilingi ngapi?" Binti asitajwe kabisa. Amewasaidia kwa moyo mwema, na swali hilo ni haki ya kila mnunuzi, halihitaji kuelezwa limetoka wapi. Mzee akisema 80, dalali atakuwa na la kusema au hatakuwa nalo, msimfedheheshe. Mgeukieni mzee mumuulize pia ni kiasi gani amemwahidi kijana. Kama mzee ndiye anayemlipa, nyinyi hamna deni naye, na mkitaka kumpa shukrani ni hiari yenu, isemwe mbele ya mzee. Kama mzee hamlipi na mlishakubali asilimia 5, mlipeni hiyo 5 juu ya bei halisi, yaani milioni 4. Hiyo ni fedha ya halali na apewe bila kusumbuliwa.

Akikataa kikao, au siku zikapita huku mzee akiwa safarini kila mnapomtaka, iacheni nyumba hiyo.

Akikubali, muandikiane naye karatasi fupi. Iseme ametumwa na nani, atalipwa kiasi gani na nani, na kwamba hapokei kingine chochote kutoka upande wa pili ambacho nyinyi hamkijui. Iseme pia atalipwa lini. Mimi nasema alipwe siku uhamisho unapokamilika, au sehemu siku ya kusaini na nyingine mwishoni, maana dalali aliyelipwa zote mapema hupotea hewani hati inapokwama wizarani.

Hili la kwamba wakili hamhitaji limenisikitisha kuliko yote. Mtu anayewakilisha maslahi yenu katika ununuzi huu, tena kwa kiapo cha kazi yake, ni wakili wenu. Dalali hawezi kuwa huyo. Tafuteni wakili wenyewe, asiwe yule "wa hapa jirani" atakayeletwa na dalali, na mhakikishe jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Mwenyekiti wa mtaa mwoneni pia, kwa sababu anajua kama eneo lina ugomvi wa mpaka au familia inavutana, na ushahidi wake una uzito. Ila muhuri wake hauhamishi hati.

Hukusema kama mmeiona hati yenyewe au mmeonyeshwa kivuli kwenye simu. Wakili akafanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati aone jina lililoandikwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar hazina hati kamili, zina leseni ya makazi au karatasi za mauziano tu. Kama ni hivyo, bei ya milioni 80 nayo ijadiliwe upya. Kama mzee ana mke, ridhaa yake iandikwe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mke ametangulia mbele za haki na nyumba ilikuwa kwa jina lake, mzee hawezi kuiuza kwa kuwa ni mume tu. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hapo ndipo huyo binti na ndugu zake wanapohusika, na pengine ndiyo sababu alikuja kusema nawe. Mwombeni wakili alichunguze hilo.

Mambo yakiwa safi, wakili ataandaa mkataba wenye bei moja, ile halisi, na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 za kuomba kibali na kuhamisha umiliki. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wenu, hivyo muuweke kwenye bajeti pamoja na gharama ya mthamini na ya wakili. Fedha iende kutoka akaunti yenu ya benki hadi akaunti ya mzee, kwa awamu zilizoandikwa kwenye mkataba, na awamu kubwa ya mwisho ingoje uhamisho. Hata shilingi moja ya bei isipite mikononi mwa dalali.

Kwa wenye nyumba wanaosoma hapa: mpeni dalali wenu ruhusa ya maandishi yenye bei, muda na ujira. Hati halisi ibaki ndani. Na mteja akija, ongeeni naye bei ninyi wenyewe, dalali akiwepo.

Swali la mwisho mnalopaswa kwenda nalo kwa wakili ni la kaka. Kama mnataka jina lake liwe kwenye hati pamoja na yenu, semeni mapema kama bado ni raia wa Tanzania au ameshachukua uraia wa Marekani, kwa sababu sheria yetu ya ardhi inamtazama asiye raia kwa jicho tofauti, na ni vigumu kurekebisha baada ya fomu kusainiwa. Na kama mchango wake ni mkopo, si zawadi, muandikiane naye hilo sasa, kabla nyumba haijapatikana.